Dondoo la maharage linafuta plaki za dengi: nitajuaje kama ni dawa au ni lektini tu?

Mbegu_na_Virusi

Habarini wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kupima mimea dhidi ya virusi vinavyoenezwa na mbu.

Kazi iliyopo ni kuchunguza mazao ya jamii ya mikunde dhidi ya kirusi cha dengi aina ya 2 kwenye seli za Vero (za figo ya nyani). Kuna mbegu za maharage mekundu, kunde, mbaazi, soya na fiwi. Utupa (Tephrosia vogelii) nao ni wa jamii hiyo hiyo, kwa hiyo majani yake yameingia kwenye orodha. Mbegu zinasagwa, unga unalowekwa kwenye PBS (maji ya chumvi yenye bafa) kwa uwiano wa 1 kwa 10 usiku kucha katika nyuzi 4, kisha sentrifuji, kisha kichujio cha mikromita 0.22. Majani ya utupa yanalowekwa kwenye methanoli, methanoli inakaushwa, na kinachobaki kinayeyushwa kwenye DMSO.

Kipimo ni pleti ya visima 24, plaki (matundu yanayoachwa na seli zilizouawa na kirusi) kama 60 kwa kisima. Dondoo na kirusi vinamwagwa kwenye seli kwa pamoja, saa 1 katika nyuzi 37, kisha juu yake CMC (uteute unaozuia kirusi kusambaa mbali) yenye dondoo lile lile na seramu ya asilimia 2. Siku ya 6 ni fomalini na kristali vayoleti. Kwa mikrogramu 100 kwa mililita, maharage mekundu na utupa vinafuta karibu plaki zote. Kunde na mbaazi hazifanyi lolote la maana, soya na fiwi ziko katikati. MTT (kipimo cha rangi cha uhai wa seli) ya saa 24 inasema seli ni nzima, hata kipimo kikiongezwa mara tano.

Mhakiki wa andiko anasema hapa hakuna dawa, kuna lektini (protini za mmea zinazonata kwenye sukari) na sumu ya seli. Nimjibu kwa majaribio gani? Na kama dondoo lililobaki ni kidogo, nianze na lipi?

Plaki_Kwanza

Mkuu, mhakiki ana haki ya kuuliza, na maswali yake yanajibika. Anza na MTT, maana hoja yako yote imeegemea hapo na hapo ndipo palipo dhaifu.

Kwanza muda. Seli zenye kirusi zinakaa na dondoo siku 6, lakini zile za MTT zinakaa saa 24. Sumu inayoua polepole haitaonekana. Pima uhai wa seli siku ile ile ya 6, chini ya CMC ile ile, na seramu ile ile ya asilimia 2.

Pili, MTT yenyewe inadanganywa na mimea. Polifenoli za ganda jekundu la maharage zinaweza kuigeuza MTT kuwa zambarau bila msaada wa seli hata moja, na kisima chenye seli zilizokufa kikasomeka kama kizima. Kwa kila kiwango weka visima visivyo na seli, vyenye dondoo na MTT tu, usome kwenye nanomita 570. Vikipata rangi, osha seli mara mbili kwa PBS kabla ya kuweka MTT. Vikiendelea kupata rangi hata baada ya hapo, achana na MTT upime ATP (nishati ya seli), au ng'oa seli uzihesabu kwa tripani bluu.

Tatu, seli za Vero zikishajaa kisima hugawanyika kidogo tu, kwa hiyo kitu kinachozuia mgawanyiko hupita bila kuonekana. Pandikiza pleti nyingine ukianza na theluthi ya idadi ya seli, weka dondoo, uone kama zitajaa kisima sawa na zile za kontroli. Hili jaribio ni rahisi na watu wengi wanaliruka.

Ukimaliza hayo ndipo ukokotoe CC50 (kiwango kinachoua nusu ya seli) na EC50 (kinachopunguza plaki kwa nusu) na kugawanya ya kwanza kwa ya pili. Kwa dondoo ghafi, uwiano ukiwa chini ya 10 mimi nisingesonga mbele nalo.

Sasa lektini. Maharage mekundu yamejaa fitohemaglutinini, yaani PHA, ambayo hushika sukari za uso wa seli. Protini E, yaani ya ganda la nje la kirusi cha dengi, nayo ina sukari, zimefungwa kwenye asparajini ya 67 na ya 153. Lektini inaweza kukishika kirusi, kuifunika seli, au kuvigandisha vyote. Jaribio la kawaida ni kuizuia lektini kwa sukari yake, na hapa ndipo watu wanapoteleza: PHA haizuiliwi na sukari rahisi. Mtu anaweka manosi, athari inabaki, anaandika kwamba si lektini. Kwa PHA tumia glikoprotini kama fetuini au thairoglobulini, miligramu 1 kwa mililita, uziache na dondoo dakika 30 kabla ya kugusa seli. Lektini za fiwi hupenda manosi na glukosi kama konkanavalini A ya Canavalia, kwa hiyo hapo methili-alfa-manosaidi inafaa. Ya soya inashika N-asetili-galaktosamini.

Angalizo moja kwenye sukari hizo: ukiweka 0.2 M kwenye kisima umeongeza osmolariti kiasi cha kubadilisha jinsi seli inavyomeza kirusi. Changanya na dondoo kwa ukolezi mkubwa, halafu ipunguze hadi milimola 50 kwenye kisima, na kontroli iwe sukari ambayo lektini hiyo haiitambui, kwa ukolezi huo huo.

Pamoja na hayo pima mgando wa seli nyekundu za damu. Pleti ya visima 96 yenye vitako vya duara, mikrolita 50 za dondoo lililopunguzwa nusu kwa nusu, mikrolita 50 za seli nyekundu za asilimia 2, saa 1 kwenye joto la chumba. Zisizogandana hutulia chini kama kitufe, zilizogandana hutanda kisima kizima kama zulia. Kila sehemu ya dondoo utakayoitenga ipimwe mgando na plaki sambamba. Namba hizo mbili zikipanda na kushuka pamoja kutoka sehemu hadi sehemu, unachokipima ni lektini.

Halafu tenganisha hatua. Umeweka kila kitu kwa pamoja na ukakiacha siku 6, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema dondoo linafanya kazi wapi. Gawanya hivi:

1. Dondoo kwenye seli saa 1, osha mara tatu, kisha kirusi.
2. Dondoo na kirusi kwenye bomba saa 1 katika nyuzi 37, kisha punguza mara 50 au zaidi ndipo uweke kwenye seli. Usipopunguza, dondoo linafika kwenye seli likiwa na nguvu yake yote, na jaribio hili linakuwa sawa na lile ulilokwisha kufanya.
3. Kirusi na seli katika nyuzi 4 kwa saa 1 mbele ya dondoo, osha kwa PBS baridi, kisha nyuzi 37. Kwenye baridi kirusi kinanata bila kuingia.
4. Kirusi kwanza, osha, na dondoo liwekwe saa 2 baadaye.

Lektini na saponini hujionyesha kwenye 1 hadi 3 na kwa kawaida hunyamaza kwenye 4. Kinachofanya kazi kwenye 4 ndicho cha kukufurahisha, mradi seli ziwe nzima kweli.

Rudi pia kwenye pleti zako za zamani ukiwa na rula. Plaki chache zenye ukubwa wa kawaida maana yake kirusi kilizuiwa kuingia, lakini kilichofanikiwa kuingia kiliendelea vizuri. Plaki zile zile kwa idadi ila ndogo maana yake uzalishaji au usambaaji umepungua. Taarifa hiyo tayari unayo na haikugharimu hata tone la dondoo.

Seli_na_Nguvu

Nazungumzia utupa peke yake, maana huo usiuweke kapu moja na maharage. Majani ya utupa yana rotenoidi: rotenoni, degwelini, tefrosini. Hizi zinaziba kompleksi I ya mitokondria, seli inapungukiwa ATP inayotokana na oksijeni, na kirusi kinachotegemea seli hiyo kinazorota. Plaki zitapungua hata kama dondoo halina ugomvi wowote na kirusi.

Kwa nini MTT haikukuonya? Angalia midia yako. DMEM ya kawaida ina gramu 4.5 za glukosi kwa lita, yaani milimola 25. Kwa sukari nyingi hivyo seli za maabara zinaishi kwa kuvunja glukosi bila kutegemea mitokondria, kwa hiyo ukiziba kompleksi I zinaendelea kuonekana nzima. Wapima sumu za dawa wanalijua tatizo hili na jibu lao ni galaktosi: midia isiyo na glukosi, galaktosi milimola 10, pairuveti milimola 1, na seramu iliyofanyiwa dayalisisi ili isirudishe glukosi kwa mlango wa nyuma. Kwenye galaktosi seli inalazimika kutumia mitokondria, na sumu yake inajitokeza wazi.

Pandikiza pleti mbili, moja ya glukosi na nyingine ya galaktosi, ziache zizoee saa 24, kisha weka dondoo na upime ATP. Gawanya CC50 ya glukosi kwa ile ya galaktosi. Ikifika 3 au zaidi, hiyo ni dalili inayokubalika ya sumu ya mitokondria. Weka rotenoni safi kama kontroli, kuanzia nanomola 10. Bomba zake zifunge kwa karatasi ya alumini, kwa sababu mwanga unaivunja na kontroli iliyokaa mezani inapoteza nguvu kimyakimya.

Maharage, kunde na mbaazi hazina tatizo hili. Anayepima mbegu za Pachyrhizus, majani ya Mundulea au mizizi ya Derris analo. Pachyrhizus inapotosha wengi kwa sababu mzizi wake ni chakula na mbegu zake ni sumu.

Jaribio la pili ambalo ningelifanya kwa kila dondoo lolote: ongeza uridini, mikromola 50, kwenye visima vyenye dondoo na kirusi. Kirusi cha RNA kinahitaji pirimidini nyingi, na misombo mingi iliyowahi kusifiwa kuwa inaua virusi vya kila aina ilikuja kuonekana kuwa inaziba kimeng'enya cha seli kinachotengeneza pirimidini, DHODH. Plaki zikirudi baada ya uridini, umegusa seli na si kirusi.

Mbegu_na_Virusi

Nashukuru sana, hili la galaktosi halikuwa kwenye mpango kabisa.

Mawili zaidi. Inasemekana kuchemsha kunaua lektini. Je, nikichemsha dondoo la maharage na athari ikabaki, nimemaliza hoja ya mhakiki? Na kuna pendekezo la kurudia kila kitu kwenye seli za A549 (za mapafu ya binadamu) badala ya Vero. Kuna faida?

Ganda_na_Kiini

Kuchemsha ni jaribio zuri lakini peke yake halimalizi hoja. Dakika 10 hadi 15 katika nyuzi 100 zinavunja PHA. Joto la chini halitoshi, maana nyuzi 80 zinaweza kuiacha ikiwa hai kwa muda mrefu, kwa hiyo bomba liwe ndani ya maji yanayochemka kweli na si kwenye kipasha joto kilichowekwa nyuzi 85. Baada ya kuchemsha zungusha kwenye sentrifuji, ondoa mgando, na pima upya protini. Wengi wanalinganisha kwa ujazo, wanasahau kwamba sehemu kubwa ya protini imebaki kwenye mgando.

Sasa, nini kinaweza kubaki baada ya kuchemsha? Tanini, saponini, asidi ya fitiki, polisakaridi, na kizuizi cha Bowman-Birk. Kila kimoja kina hila yake.

Tanini ziko kwenye ganda la rangi. Zinanata kwenye protini yoyote ikiwemo protini E ya kirusi, kwa hiyo zinaua kirusi kwenye bomba vizuri sana, halafu zinashindwa kabisa mbele ya seramu. Menya mbegu, tenganisha ganda na kiini, utoe dondoo la kila upande. Athari ikihamia kwenye ganda umeshapata jibu kubwa kwa kazi ya mchana mmoja. Uthibitisho ni PVPP, unga unaonasa tanini: miligramu 50 kwa mililita ya dondoo, dakika 30 kwenye barafu ukitikisa, kisha sentrifuji. PVPP haiyeyuki, inashuka na tanini zake. Rudia pia kipimo kwa seramu ya asilimia 10. EC50 ikipanda sana, tanini au lektini zinahusika, kwa sababu glikoprotini za seramu zinazivuta zote mbili.

Saponini za soya zinaweza kutoboa utando wenye mafuta, uwe wa seli au wa kirusi. Kontroli nzuri ni kirusi kisicho na utando, kwa mfano kirusi cha kundi la Coxsackie kinachoota kwenye Vero. Dondoo likiua dengi na kukiacha hicho salama, na wakati huo huo likapasua seli nyekundu za damu, basi ni sabuni.

Asidi ya fitiki inanyakua kalsiamu na magnesiamu. Seli za Vero zinalegea na kuanza kung'oka pembezoni mwa kisima, na baada ya kuosha na kupaka rangi unaona mianya isiyoeleweka au seli zilizojikunja. Chungulia kwa darubini saa 24 baada ya kuweka dondoo, usisubiri siku ya 6. Dawa yake ni dayalisisi, kisha kurudisha kalsiamu na magnesiamu kwenye kiwango cha midia.

Na dayalisisi nayo ina mtego. Mrija wa kilodalton 12 hadi 14 ambao maabara nyingi zinao unaipitisha Bowman-Birk, kwa kuwa ina kilodalton 8 tu. Utamwaga kizuizi chote kwenye sinki kisha useme maharage hayana. Tumia mrija wa 3.5. Kama umetumia amonia salfeti kugandisha protini (takriban gramu 52 kwa mililita 100 kwenye barafu kufikia asilimia 80), badilisha maji ya dayalisisi walau mara tatu. Salfeti iliyobaki inaua seli vizuri tu, na watu huiita kazi ya dondoo. Pima pH baada ya yote. Midia iliyogeuka njano kabla hata ya kirusi kuingia si jaribio tena, maana protini E ya dengi hubadili umbo kwenye asidi na kirusi kinapoteza uwezo wake.

Kuhusu Bowman-Birk nieleze kidogo, kwa sababu inavutia watu wengi. Dengi ina proteasi yake, NS2B-NS3, ambayo ni ya serini, nayo hupenda kukata baada ya asidi amino mbili zenye chaji chanya. Kizuizi cha tripsini kutoka kwenye maharage kinaonekana mgombea mzuri, na kwenye bomba kinaweza kweli kuizuia. Tatizo ni kwamba proteasi hiyo inafanya kazi ndani ya seli, kwenye utando wa retikulamu, na peptidi ya kilodalton 8 haiingii hivi hivi. Matokeo ya kimeng'enya peke yake yasikutie moyo. Na kama utapima kimeng'enya kwa sabstreti inayong'aa, fahamu kwamba isoflavoni za soya zinameza mwanga na nyingine zinang'aa zenyewe. Soma dondoo peke yake bila kimeng'enya, na rudia kipimo ukiwa na Triton X-100 ya asilimia 0.01. Kizuizi kinachotoweka ukiweka kiasi hicho kidogo cha Triton kilikuwa ni vijibonge vya molekuli zilizokusanyika na kumeza kimeng'enya.

Swali la dondoo kidogo: anza na kumenya ganda, kuchemsha na fetuini. Hayo matatu yanafanyika kwenye pleti moja ya visima 24, na yatakuambia uende upande wa tanini, wa lektini, au wa kitu kingine. Dondoo lililobaki ligawanye kwenye vibomba vya mikrolita 200, nyuzi hasi 80, kila kibomba kiyeyushwe mara moja tu.

Kinga_ya_Seli

Kuhusu A549. Faida ipo, lakini fahamu unachobadilisha. Vero hazina jeni za kutengeneza interferoni aina ya I (protini za kinga ya seli dhidi ya virusi), ingawa zinaisikia ikija kutoka nje. Kitu kinachoamsha kinga ya seli hakitaonekana kwenye Vero. Kwa hiyo matokeo yako ya sasa hayatokani na interferoni, na hilo ni jambo jema: mlango mmoja umefungwa.

Ukienda A549, mlango huo unafunguka na uchafu unaingia. Mbegu zina bakteria juu yake, na endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) haiondoki kwa kichujio cha 0.22 wala kwa kuchemsha. Kwenye A549 athari yake ni ndogo, kwenye makrofaji ni kubwa mno. Kama kuna mpango wa kutumia monosaiti au makrofaji, ambazo kwa dengi zina maana zaidi kuliko Vero, pima endotoksini kwa LAL na uweke kontroli ya polimiksini B inayoizima, mikrogramu 10 kwa mililita.

Jambo jingine ambalo nadra kulikuta kwenye maandiko ya mimea tiba: maharage mengi yamebeba endornavirusi (virusi vya RNA vya mimea). Kuna Phaseolus vulgaris endornavirus 1 na 2, hazionyeshi ugonjwa wowote shambani, zinarithiwa kupitia mbegu, na ndani ya seli ya mmea zinaacha RNA ya nyuzi mbili yenye urefu wa besi zipatazo elfu 14 na kuendelea. RNA ya nyuzi mbili ndiyo hasa kengele inayoamsha interferoni. Hili si la kubuni: helenini, iliyotokana na kuvu wa Penicillium na kusifiwa miaka mingi kwa kuzuia virusi, mwaka 1967 ilibainika kuwa nguvu yake ni RNA ya nyuzi mbili. Kwa maharage, toa RNA ya dondoo, pitisha kwenye jeli ya agarosi, angalia mstari juu kabisa. Ukiuona, tibu dondoo kwa RNase III. RNase A kwenye chumvi nyingi inakula nyuzi moja na kuziacha zile mbili, kwa hiyo usitegemee hiyo.

Jaribio la kutenganisha: weka dondoo kwenye A549 saa 24, osha mara tatu, weka midia mpya kwa saa nyingine 24, kisha hamishia midia hiyo kwenye Vero na uziambukize. Vero zikilindwa, A549 zimetoa interferoni. Thibitisha kwa kingamwili inayoziba kipokezi chake. Kuosha ndiko kunakoamua hapa. Lektini iliyonata kwenye seli inaweza kudondoka polepole na kuhamia kwenye Vero.

Kontroli chanya nazo zichague kwa seli. Ribavirini haina nguvu kwenye Vero kwa sababu haiingii vizuri, na watu wanaitumia kisha wanatangaza dondoo lao limeishinda. Heparini ni kontroli nzuri ya kunata, kwa kuwa dengi aina ya 2 iliyozoeshwa maabara inapenda sana heparani salfeti (sukari ya uso wa seli). Kwa hatua za baadaye tumia kastanospemini.

Plaki_Kwanza

Kastanospemini ndiyo mfano ambao kila anayepima mikunde dhidi ya dengi anapaswa kuufahamu, kwa sababu nayo ni ya mikunde: ilitolewa kwenye mbegu za mti wa Australia, Castanospermum australe, mwaka 1981. Inaziba alfa-glukosidasi za seli, sukari za protini prM na E hazipunguzwi inavyotakiwa, protini hazikunjwi sawasawa, na chembe za kirusi zinazotoka ni chache. Angalia tofauti na lektini: hii inaingia ndani ya seli, inafanya kazi hata ikiwekwa baada ya kirusi, na haigandishi seli nyekundu. Kwenye panya ililinda dhidi ya dengi.

Umbo lake lililoboreshwa, selgosiviri, lilijaribiwa kwa wagonjwa 50 wa dengi huko Singapore kati ya 2012 na 2013: miligramu 400 mwanzo, kisha 200 kila baada ya saa 12, jumla ya dozi 9. Ilivumilika vizuri, lakini haikupunguza kirusi kwenye damu wala homa kwa kiwango kinachohesabika kitakwimu. Sababu moja inayotajwa ni muda: mgonjwa anapofika na homa, kirusi kwenye damu kimefikia kilele au kimeanza kushuka, wakati panya walipewa dawa mapema. Kwa hiyo kwenye jaribio lako la namba 4 usiishie saa 2. Weka dondoo pia saa 8 na saa 24 baada ya kirusi, na badala ya plaki za moja kwa moja vuna midia uititreti upya (upime wingi wa kirusi kilichotoka). Dawa inayozuia kutoka kwa kirusi inaonekana vizuri zaidi huko.

Kitu kimoja cha usalama kwa watakaotaka kuongeza chikungunya kwenye orodha: miongozo ya Marekani inaweka dengi ngazi ya 2 na chikungunya ngazi ya 3. Aina dhaifu ya 181/25 inafanyika ngazi ya 2, na kwa uchunguzi wa awali inatosha. Plaki zake ziko tayari siku ya 2 au ya 3, ukisubiri siku 6 utakuta kisima kitupu.

Seli_na_Nguvu

Nyongeza ya mwisho kwa utupa. Galaktosi ikithibitisha kuwa ni mitokondria, usitupe dondoo. Lihamishie kwa mbu mwenyewe. Viluwiluwi vya Aedes aegypti vinakufa kwa rotenoidi, na kipimo cha WHO cha 2005 kiko wazi: viluwiluwi 25 wa mwisho wa hatua ya tatu au mwanzo wa ya nne, maji mililita 100 hadi 200, kina cha sentimita 5 hadi 10, nyuzi 25 hadi 28, vikombe vinne au zaidi kwa kila kiwango, hesabu baada ya saa 24, na jaribio zima lirudiwe siku tatu tofauti. Vifo vya kontroli vikiwa kati ya asilimia 5 na 20 sahihisha kwa fomula ya Abbott (inayoondoa vifo vya kontroli kwenye hesabu). Vikizidi 20, au zaidi ya asilimia 10 ya kontroli wakigeuka pupa, tupa jaribio. Kontroli iwe na kiyeyushi kile kile kwa kiasi kile kile.

Tumia ukoo unaokufa kwa dawa za kawaida na mwingine sugu, maana uwezo wa dondoo kuua mbu sugu ndio unaolipa thamani. Weka pleti moja gizani na nyingine juani, upime nguvu inayobaki kila siku. Bila namba hiyo hakuna anayeweza kupanga ni baada ya muda gani dawa irudiwe kwenye mapipa. Na iishie kwenye mapipa na makopo: rotenoni inaua samaki kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo bwawa, mto au shamba la mpunga lenye samaki lisiguswe.